Magnesiamu, oksijeni, alkenoni au kuhesabu spishi: kipimajoto kipi kwa mashapo yapi?

Mche wa mashapo (nguzo ya tope iliyochimbwa kutoka sakafu ya bahari) ukishatolewa kwenye bomba na kupasuliwa katikati, swali la kwanza mezani huwa ni mbinu ipi itasoma joto la bahari ya kale kwa usahihi zaidi. Swali hilo halisaidii sana. Mashapo yakiwa mazuri, karibu kila mbinu inayotumika leo hukaribia kosa la nyuzi 1 hadi 1.5 za Selsiasi. Tofauti hujitokeza mambo yanapoharibika: iko inayodanganya kuelekea baridi, iko inayodanganya kuelekea joto, na iko inayofika ukomo wake ikaendelea kutoa namba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo hapa tunazilinganisha kwa makosa yake, tukiwa na mashapo ya aina tatu yanayohusu upande wetu wa Bahari ya Hindi: matope ya mteremko wa bara mbele ya delta ya Rufiji, mashapo ya kina cha kilomita nne na zaidi, na udongo mfinyanzi wa Eosini (kipindi cha takriban miaka milioni 56 hadi 34 iliyopita) unaochimbwa nchi kavu huko Kilwa na Lindi.

Wahusika ni wawili. Foraminifera wanaoelea ni viumbe wa seli moja wanaojenga ganda la kalsiamu kaboneti, na kemia ya ganda hubeba alama ya maji lilimojengwa. Kokolitofori ni mwani mdogo zaidi, wa mikromita chache tu. Baadhi yao, hasa Emiliania huxleyi na Gephyrocapsa oceanica, hutengeneza molekuli ndefu za mafuta ziitwazo alkenoni, na molekuli hizo hubaki matopeni hata pale bamba za chokaa za mwani wenyewe zinapoyeyuka.

| Mbinu | Sampuli | Kifaa | Hudanganya kuelekea wapi |
|---|---|---|---|
| Magnesiamu kwa kalsiamu (Mg/Ca) | maganda 20–40 ya spishi moja | spektromita ya plazima (ICP) | joto, tope likibaki ndani. Baridi, ganda likiyeyuka |
| Isotopu za oksijeni (δ18O) | maganda 5–20 | spektromita ya masi | joto, maji ya mto yasiyo na chumvi yakiingia. Baridi, ganda likijiunda upya |
| Alkenoni (UK'37) | gramu 1–10 za mashapo makavu | kromatografi ya gesi | joto mara nyingi. Huganda karibu na nyuzi 29 |
| Kuhesabu spishi | maganda 300 na zaidi | hadubini na chekeche | upande wowote, jamii ya kale ikikosa mfano leo |

Magnesiamu

Kadiri maji yanavyopata joto, ndivyo magnesiamu nyingi zaidi inavyochukua nafasi ya kalsiamu ndani ya ganda. Mlinganyo unaotumika sana ni ule wa Anand na wenzake wa 2003: Mg/Ca = 0.38 × e^(0.09T), kwa milimoli kwa moli. Maana yake ni ongezeko la takriban asilimia 9 kwa kila nyuzi 1. Kwa nyuzi 24 utasoma karibu 3.3, kwa nyuzi 27 karibu 4.3. Kwa kuwa mkunjo unapanda kwa kasi upande wa joto, mbinu hii huona vizuri zaidi katika bahari ya tropiki kuliko ya ncha, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipendelea kwetu.

Kazi ngumu iko kwenye usafi. Tope lina magnesiamu kwa wingi. Mabaki madogo yakiongeza 0.3 tu juu ya 4.3, umeshajipatia robo tatu ya nyuzi ya joto ambalo halikuwapo. Utaratibu wa Barker na wenzake (2003) ndio wa kuanzia. Chagua maganda ya Globigerinoides ruber nyeupe, ukubwa wa mikromita 250 hadi 355, kama 30 hivi. Yatafika mikrogramu 300 au zaidi. Yabane taratibu kati ya vioo viwili hadi vyumba vyote vifunguke, lakini usiyasage kuwa unga, kwani unga utaondoka na maji ya kusuuza. Kisha maji safi kabisa mara nne au tano, kila mara ukiweka kwenye beseni la mawimbi ya sauti kwa dakika moja hivi na kuyafyonza mara moja kabla tope halijatulia tena. Metanoli mara mbili: hii ina mnato mdogo kuliko maji na hung'oa chembe za udongo zilizong'ang'ania. Baada ya hapo haidrojeni peroksidi ya asilimia 1 ndani ya sodiamu haidroksidi ya 0.1 M, dakika 10 kwenye maji ya moto, kuunguza mabaki ya viumbe. Maliza kwa mguso mfupi wa asidi ya nitriki ya 0.001 M, suuza, ndipo uyeyushe kwa asidi ya 0.075 M.

Pima pia alumini, chuma na manganizi katika mmumunyo uleule, bila kuruka hata sampuli moja. Alumini ikipanda pamoja na Mg/Ca, tope halikutoka. Manganizi ikipanda peke yake, kuna utando wa kaboneti au oksidi uliojijenga baharini baada ya kiumbe kufa, na hapo wengine huongeza hatua ya kemikali ya kupunguza oksidi. Hatua hiyo ina gharama: inakula ganda na kushusha Mg/Ca kwa karibu asilimia 10, sawa na nyuzi 1. Ukiianza, itumie kwa mche mzima. Kuchanganya sampuli zilizopitia hatua hiyo na zisizopitia ni njia rahisi ya kuzua mabadiliko ya tabianchi ambayo hayakutokea.

Uchaguzi wa maganda nao una mtego. G. ruber ina maumbo mawili: lile la vyumba vya mviringo vilivyokaa kwa ulinganifu, na lile lililobanana ambalo huishi chini kidogo kwenye maji yenye ubaridi. Ukichanganya uwiano tofauti wa maumbo hayo kila kina cha mche, utakuwa unapima mchanganyiko wako mwenyewe. Ukubwa pia ushikwe uleule, kwani Mg/Ca hubadilika na ukubwa wa ganda.

Baharini, vitu vitatu huivuruga. Chumvi: gramu moja zaidi kwa kila kilo ya maji huongeza Mg/Ca kwa asilimia 3 hadi 4. Asidi ya maji: pH ikipanda kwa 0.1 (yaani asidi ikipungua), Mg/Ca ya G. ruber hushuka kwa asilimia 5 hadi 8, jambo lenye uzito katika kilele cha enzi ya barafu, ambapo kaboni dioksidi angani ilikuwa karibu sehemu 190 kwa milioni na maji ya uso yalikuwa na pH ya juu kidogo. La tatu ni kuyeyuka. Sehemu za ganda zenye magnesiamu nyingi ndizo huyeyuka kwanza, kwa hiyo ganda lililokaa kina kirefu husoma baridi isiyo ya kweli. Na G. ruber ni miongoni mwa spishi zinazoyeyuka upesi.

Oksijeni

Hii ndiyo kongwe. Harold Urey aliweka msingi wake mwaka 1947, Cesare Emiliani akaitumia kwa foraminifera wa miche ya bahari kuu mwaka 1955. Maji yakipoa kwa nyuzi 1, oksijeni-18 (aina nzito ya oksijeni) kwenye ganda huongezeka kwa takriban 0.22 kwa elfu. Kifaa kizuri husoma hadi 0.08 kwa elfu au chini ya hapo, yaani theluthi ya nyuzi. Haihitaji usafishaji mkali, na maganda machache yanatosha.

Tatizo ni kwamba ganda hurekodi joto na pia muundo wa maji yenyewe, na huwezi kutenganisha viwili kwa kipimo kimoja. Barafu ya nchi kavu huhifadhi oksijeni-16, aina nyepesi. Katika kilele cha mwisho cha barafu bahari nzima ilikuwa nzito kwa karibu 1.0 kwa elfu, ambayo peke yake ingesomeka kama baridi ya nyuzi 4 na zaidi. Karibu na mto mambo huenda upande wa pili: gramu moja ya chumvi ikipungua katika maji ya tropiki, oksijeni-18 hushuka kwa 0.2 hadi 0.3 kwa elfu, sawa na joto la uongo la nyuzi 1.

Angalia hapo mwelekeo. Maji ya Rufiji yakizidi wakati wa masika, oksijeni husema kumekuwa na joto, huku magnesiamu, kwa athari ileile ya chumvi kupungua, ikisema kumepoa kwa karibu nyuzi 0.4. Zikipishana namna hiyo katika mche mmoja, umepata dalili ya mvua na mto, na ni dalili ya thamani. Ndiyo maana hatushauri oksijeni kama kipimajoto cha pekee kwa miaka 20,000 iliyopita. Ipime, lakini kwa maganda ya kundi lilelile ulilopimia magnesiamu, kisha toa sehemu ya joto ubaki na historia ya maji. Makosa ya vipimo viwili hujumlishana, kwa hiyo usijenge hadithi juu ya mabadiliko yaliyo chini ya 0.2 hadi 0.3 kwa elfu.

Alkenoni

Mwani hubadilisha idadi ya vifungo maradufu katika molekuli zenye kaboni 37 kulingana na joto. Kipimo cha UK'37 ni kiasi cha molekuli zenye vifungo viwili kikigawanywa kwa jumla ya zenye viwili na vitatu. Mlinganyo wa Müller na wenzake wa 1998, uliotokana na mashapo ya juu ya bahari zote, ni UK'37 = 0.033T + 0.044, kosa likiwa nyuzi 1.5.

Kwenye maji ya ubaridi wa wastani hakuna mbinu inayotulia kama hii. Haijali chumvi kwa kiasi cha kusumbua, haitaki spishi kuchambuliwa kwa brashi, na kaboneti ikiyeyuka yote alkenoni bado zipo. Katika mche MD79257 wa Mlango wa Msumbiji, kusini zaidi ya nyuzi 20 za latitudo, Edouard Bard na wenzake waliitumia mwaka 1997 kufuatilia jinsi bahari ilivyopata joto enzi ya barafu ilipokwisha.

Sasa ilete mbele ya Dar es Salaam. Maji ya uso huko hukaa kati ya nyuzi 25 wakati wa kusi na nyuzi 29 mwishoni mwa kaskazi. Kwa nyuzi 27 mlinganyo unatoa 0.935, yaani katika molekuli 1,000 ni 65 tu zenye vifungo vitatu. Kwa nyuzi 28 zinabaki 32. Kwa nyuzi 29 hazipo. Kilele kidogo cha molekuli hizo za vifungo vitatu kwenye kromatogramu (mchoro unaotolewa na kifaa) ndicho kinachobeba habari yote, nacho ndicho cha kwanza kupotea: sampuli ikiwa na alkenoni chache, sehemu yake hunata ndani ya safu ya kromatografi na nyingine huzama kwenye kelele ya chini. Matokeo ni 1.0, na kompyuta inaandika nyuzi 29 bila aibu. Isitoshe, mkunjo halisi hulala kuanzia karibu nyuzi 24, kwa hiyo mstari mnyoofu hupunguza ukubwa wa mabadiliko ya joto upande wa juu. Kwa tropiki tumia usawazishaji wa Tierney na Tingley (2018) unaoizingatia hali hiyo.

Ukiamua kuitumia kwenye joto hilo, ongeza mashapo badala ya kuongeza matumaini: gramu 10 kavu zilizokaushwa kwa baridi, zichujwe kwa dikloromethani na metanoli kwa uwiano wa 9 kwa 1, zipitishwe kwenye safu ya silika, na zipimwe kwenye safu ndefu ya mita 60. Kabla ya kuamini namba, punguza mmumunyo uleule mara mbili na mara nne, upime tena. UK'37 ikipanda kadiri unavyopunguza, uko chini ya kiwango cha kifaa.

Kasoro nyingine ni ya umri. Alkenoni husafiri na chembe laini za tope. Ganda la foraminifera hutua kama mchanga. Mkondo wa chini unaweza kuleta tope la zamani kutoka mbali na kulilaza juu ya maganda mapya. Huko Bermuda Rise, katika Atlantiki, Naohiko Ohkouchi na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba alkenoni zilikuwa na umri wa hadi miaka 7,000 zaidi ya foraminifera wa kina kilekile. Mahali penye matuta ya mashapo yaliyorundikwa na mikondo, hili si jambo la kupuuzia.

Kuhesabu spishi

Hii haihitaji maabara ya kemia. Osha kwa chekeche ya mikromita 63, kausha, chekecha tena kwa 150, gawanya kwa kigawanyio hadi ubaki na maganda 300 au zaidi kidogo, kisha hesabu yote yaliyomo kwenye fungu. Usiishie njiani ukifika 300, maana macho huanza na makubwa. Namba 300 ina sababu: spishi iliyo asilimia 10 ya jamii itakuwa na kosa la karibu asilimia 3.4 kila upande kwa uhakika wa 95%. Ukihesabu 100, kosa hilo linakaribia 6.

John Imbrie na Nilva Kipp waliigeuza hesabu hiyo kuwa joto mwaka 1971, na mradi wa CLIMAP ukachora kwayo ramani ya bahari za enzi ya barafu. Kwa bahari za wastani na za ncha, ambako Neogloboquadrina pachyderma anampisha Globigerina bulloides na wengine kadiri maji yanavyopata joto, bado ni mbinu ya kuheshimika. Kwa tropiki ni dhaifu. CLIMAP yenyewe iliona tropiki ikipoa kidogo mno, kwa sababu G. ruber na Trilobatus sacculifer hutawala iwe nyuzi 26 au 29. Jamii haibadiliki vya kutosha kusoma tofauti. Kingine: kosa la nyuzi 1 linalotajwa mara nyingi limekokotolewa kwa sampuli za kisasa zilizo jirani, zinazofanana kwa sababu ni majirani. Kosa la kweli ni kubwa zaidi.

Hata hivyo tunaihesabu kila mara, kwa faida nyingine. G. bulloides wakiongezeka, maji ya chini yenye virutubisho yalikuwa yakipanda. Vipande vilivyovunjika vikiongezeka na spishi ngumu zikabaki peke yake, kuyeyuka kumefika, na Mg/Ca ya hapo usiiamini.

Kwa mashapo yapi?

Mteremko wa Rufiji na Pangani, mita mia chache hadi elfu moja: magnesiamu ya G. ruber kwanza, oksijeni kwa maganda yaleyale. Kina ni kidogo, kuyeyuka si tishio, na tope laini huhifadhi ganda vizuri. Adui ni tope lenyewe ndani ya vyumba, kwa hiyo ongeza raundi za maji na metanoli. Rekodi ya Holosini (takriban miaka 11,700 iliyopita hadi leo) iliyochapishwa na Henning Kuhnert na wenzake mwaka 2014 kutoka mbele ya Tanzania ilijengwa kwa magnesiamu. Alkenoni hapo ni za kuthibitisha vipindi vya baridi tu. TEX86, mbinu inayotumia mafuta ya arkea (viumbe wadogo wa seli moja wanaofanana na bakteria) badala ya visukuku, haina ukomo wa nyuzi 29, lakini mto huleta mafuta yanayofanana kutoka kwenye udongo wa bara. Bila kipimo cha BIT cha kupima mchango huo, iache.

Kina cha zaidi ya mita 4,000: geuza mpangilio. Maganda yamelika au hayapo kabisa. Alkenoni ndizo za kwanza, ukiwa umehakikisha eneo si la kurundika tope la mbali. Na pokea kwamba mashapo hayo hujengeka polepole: wanyama wa sakafuni huchanganya kama sentimita 10 za juu, na kwa kasi ya sentimita 2 kwa miaka elfu, hiyo ni miaka 5,000 iliyokorogwa pamoja. Hakuna kemia itakayoirudisha.

Kilwa na Lindi ni habari nyingine. Kwa miaka mingi maganda ya Eosini na ya Kretasia (kipindi cha kale zaidi, cha mwisho cha dinosau) kutoka bahari kuu yalitoa joto la tropiki la nyuzi 15 hadi 23 tu, wakati ncha za dunia hazikuwa na barafu ya kutaja. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake walionyesha kwamba tatizo lilikuwa ganda: kwenye chokaa ya bahari kuu ganda hujiunda upya katika maji baridi ya sakafuni na kuchukua oksijeni ya huko. Maganda kutoka udongo mfinyanzi usiopitisha maji, yakiwemo ya Tanzania, yalitoa angalau nyuzi 28 hadi 32. Kwa hiyo hapo oksijeni inarudi kuwa chaguo la kwanza, kwani dunia bila barafu kubwa hurahisisha kukadiria maji: tumia karibu −1 kwa elfu. Chuja maganda kwa jicho kwanza: lililo zima hupitisha mwanga kama kioo, lililojiunda upya ni jeupe na halipitishi, hata kama umbo lake linavutia. Ukiwa na hadubini ya elektroni, vunja ganda moja kwa kila kina utazame ukuta wake.

Magnesiamu kwa Eosini ina tatizo ambalo usafi hautatui. Bahari ya leo ina moli 5.2 za magnesiamu kwa moli moja ya kalsiamu. Ya Eosini ilikuwa na chini ya nusu ya hapo. Ukitumia mlinganyo wa leo bila marekebisho utapata baridi isiyowezekana, na marekebisho yenyewe yana utata wa nyuzi kadhaa. Itumie kwa mabadiliko ndani ya mche mmoja, katika muda wa chini ya miaka milioni moja, si kwa joto kamili. Alkenoni kwa joto hilo zimeshafika ukomo. TEX86 inafaa, kwa kuwa mashapo hayo hayakuwahi kuzikwa kina kirefu na mafuta yake hayajaungua. Mwaka 2007 kundi hilohilo la watafiti liliitumia Tanzania sambamba na oksijeni.

Mbinu yoyote utakayoichagua, gawanya sampuli kabla maji hayajaigusa. Fungu la alkenoni na TEX86 lifungwe kwenye karatasi ya alumini au kioo kilichounguzwa kwa nyuzi 450, liende kwenye friza. Mfuko wa plastiki huacha kemikali zake kwenye kromatogramu. Fungu la maganda lilowekwe na kuoshwa, likaushwe chini ya nyuzi 50. Chekeche ichovywe kwenye bluu ya methilini kati ya sampuli moja na nyingine, ili ganda lililonasa kwenye matundu litokee likiwa la buluu, ulitupe.